Vikwazo Huvunjwa kwa Kalamu



Mara kwa mara tunasikia katika redio na magazeti kwamba nchi fulani imewekewa vikwazo vya biashara kwa sababu watawala wake wanawakandamiza raia, wamepindua serikali halali au wamewavamia jirani zao. Miaka inapita, nasi tunasikia tena kwamba nchi ile ile bado inauza mazao yake, bado inanunua mafuta na bado watawala wake wanakula na kusaza. Hapo wengi wetu huhitimisha mambo mawili: ama vikwazo ni maneno matupu ya wakubwa, ama wako wafanyamagendo hodari wanaopita porini usiku.

Katika tahariri hii tunapenda kuonyesha kwamba fikra hizo mbili zina upungufu. Njia za porini zipo, lakini shehena kubwa hazipiti huko. Vikwazo huvunjwa mchana kweupe, ndani ya ofisi, na watu wanaoheshimika, kwa kalamu na muhuri. Tena tunapenda kuonyesha ni nani hasa hufaidika na ni nani hulipa gharama. Hatuandiki haya ili kuwahubiria wakubwa wa dunia ambao hawasomi vijitabu vyetu. Tunaandika kwa sababu miongoni mwetu wamo makarani wa bandari, mawakala wa forodha, wahasibu, madereva wa malori na wafanyabiashara wa mipakani, na hao wote ni wana wa parokia zetu.

FUNDISHO LA RHODESIA

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi iliyoongozwa na Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Lengo lake lilikuwa dhahiri: Wazungu wasiofikia robo milioni waendelee kuwatawala Waafrika zaidi ya milioni 4. Uingereza, iliyokuwa na dhamana juu ya koloni hilo, ilikataa kutumia jeshi, ikachagua vikwazo. Mwezi Januari 1966, katika mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Lagos, Waziri Mkuu Harold Wilson aliwaeleza viongozi wenzake kwamba huenda uasi huo ungekoma katika muda wa majuma na si miezi. Desemba 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya lazima juu ya baadhi ya bidhaa, na Mei 1968, kwa azimio namba 253, likapiga marufuku karibu biashara yote na nchi hiyo. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwa Umoja wa Mataifa kuweka vikwazo vya lazima vya namna hiyo.

Hata hivyo uasi ule ulidumu miaka 14. Iliwezekanaje?

Tuanze na mafuta, kwa kuwa Rhodesia haikuwa na bahari wala kisima. Manowari za Uingereza zililinda njia ya bandari ya Beira tangu Machi 1966 hadi Juni 1975, kwa sababu pale ndipo lilipoanzia bomba la kupeleka mafuta Rhodesia. Bomba lile lilikauka kweli. Lakini kusini zaidi, katika pwani ile ile ya Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, haikulindwa. Mafuta yalishushwa huko, yakapakiwa katika mabehewa ya reli, yakafika Rhodesia. Mengine yalipitia Afrika Kusini. Mlango mmoja ulizibwa kwa manowari na mwingine ukaachwa wazi, maana kuuziba kungekuwa kugombana na Ureno na hasa Afrika Kusini, ambako Uingereza ilikuwa na biashara kubwa na mitaji mingi.

MAFUTA YALIYOBADILISHWA JINA

Sasa tuitazame kalamu. Kampuni ya Shell iliyofanya kazi Msumbiji ilikuwa imeandikishwa Uingereza, hivyo ilibanwa na sheria ya Uingereza iliyokataza kuipelekea Rhodesia mafuta. Mwaka 1968 ilipojulikana katika ngazi za juu kwamba mafuta ya Shell na BP yalikuwa yakifika kwa Smith, jambo hilo halikukomeshwa, bali lilipewa jina jipya. Ilipangwa kwamba kampuni ya Kifaransa ya Total ndiyo ipeleke mafuta Rhodesia, na kampuni za Uingereza ziifidie Total kiasi kile kile mahali pengine kusini mwa Afrika. Rhodesia haikupungukiwa hata pipa moja. Lakini kwa mpango huo iliwezekana kutamka hadharani kwamba hakuna kampuni ya Uingereza inayoipelekea Rhodesia mafuta. Kwa herufi, kauli hiyo ilisimama. Kwa dhamiri, ilikuwa uongo.

Baada ya miaka michache hata mchezo huo wa kubadilishana uliachwa, na mafuta yakaendelea kupelekwa kama mwanzo. Habari hizi ziliwekwa wazi Septemba 1978, ilipotangazwa taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Thomas Bingham. Hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Miaka miwili kabla ya taarifa hiyo, mwezi Juni 1976, sauti ilikuwa imekwisha kusikika kutoka katika taasisi ya Kikristo. Kituo cha huduma za jamii cha kanisa la United Church of Christ huko Marekani kilichapisha kijitabu kilichoitwa The Oil Conspiracy. Ndani yake mlikuwa na nakala za nyaraka zilizotolewa kwa siri kutoka ndani ya matawi ya kampuni ya Mobil kusini mwa Afrika. Nyaraka hizo zilieleza jinsi mafuta yalivyouzwa kutoka kampuni moja hadi nyingine, na hadi nyingine tena, kila moja ikiandika ankara yake, ili atakayefuata nyayo za karatasi apotee njiani kabla ya kumfikia mnunuzi wa mwisho, yaani Genta, kampuni iliyoundwa na utawala wa Smith kwa kazi hiyo. Serikali ya Marekani ilipochunguza na kutaka kuona vitabu vya matawi hayo, ilijibiwa kwamba sheria ya siri ya Afrika Kusini haikuruhusu. Karatasi ilificha mafuta, na sheria ikaificha karatasi.

Kwa upande wa mauzo, hila zilikuwa za aina hiyo hiyo. Tumbaku ya Rhodesia ilitoka ikiwa na vyeti vilivyoonyesha kwamba ilikuwa zao la nchi jirani. Nyama ya ng'ombe ilisafirishwa kwa ndege zilizoandikishwa Gabon, nchi huru ya Kiafrika. Madini ya kromi yalipewa njia ya wazi kabisa: mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichopendekezwa na Seneta Harry Byrd, kilichoruhusu kuyanunua kutoka Rhodesia kwa hoja ya usalama wa taifa, na ruhusa hiyo haikufutwa hadi Machi 1977. Kwa hiyo ziko nchi zilizovunja vikwazo kwa kughushi vyeti, na iko iliyovivunja kwa kutunga sheria. Vyote viwili vilifanywa mezani.

WALIOLIPA GHARAMA

Vikwazo vinapokwepwa, gharama yake haiyeyuki. Huhamishiwa kwa mwingine, na aghalabu mwingine huyo ndiye aliyekuwa mwaminifu.

Zambia ilikuwa imeunganishwa na Rhodesia kwa reli, umeme na makaa ya mawe. Ilipochagua kusimama na haki, mafuta yalilazimika kuletwa kwa ndege mapipa kwa mapipa, kisha kwa malori katika barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam, ambayo madereva waliiogopa kwa ajali zake. Ndipo lilipojengwa bomba la TAZAMA la kilometa 1,710 lililoanza kazi mwaka 1968, na baadaye reli ya TAZARA ya kilometa 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China kuanzia mwaka 1970. Smith alipoufunga mpaka wake na Zambia mwezi Januari 1973, kisha akataka kuufungua, Zambia ilikataa kuufungua kwa upande wake, ikaendelea kuumia. Mwezi Oktoba 1978, ikiwa imeelemewa na mbolea ikihitajika mashambani, ililazimika kuifungua tena njia ya kusini. Hatuthubutu kuilaumu.

Tanzania nayo ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza tarehe 15 Desemba 1965 kwa kutii uamuzi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeahidiwa ukasimamishwa. Msumbiji, ikiwa na miezi michache tu ya uhuru, iliufunga mpaka wake na Rhodesia mwezi Machi 1976, ikapoteza mapato ya reli na bandari ambayo iliyahitaji mno. Mataifa maskini yalifunga mikanda, wakati kampuni tajiri zilikuwa zikifungua ankara mpya.

Na ndani ya Rhodesia kwenyewe, kila pipa lililofika kwa hila liliendesha magari ya jeshi lililowakusanya wanavijiji katika makambi yaliyozungushiwa seng'enge. Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki nchini humo, iliyoundwa mwaka 1972, iliandika bila woga habari za mateso na mauaji hayo. Mwenyekiti wake, Askofu Donal Lamont wa Umtali, alihukumiwa kifungo mwaka 1976, na mwezi Machi 1977 alifukuzwa nchini. Tukumbuke basi: katika miaka ile ile, wako waliotumia kalamu kuficha na wako waliotumia kalamu kufichua. Kila mmoja alikuwa na karatasi mbele yake.

KARIBU NA NYUMBANI

Asiwepo anayesema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka nchini Burundi. Tarehe 31 Julai wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha, wakaiwekea Burundi vikwazo ili irudi katika utawala wa kikatiba na mazungumzo ya amani. Vikwazo hivyo vilisimamishwa Januari 1999. Katika kipindi hicho mafuta na bidhaa ziliendelea kuingia kwa njia ya mipaka ya nchi kavu na Ziwa Tanganyika, tena kutoka katika nchi zile zile zilizotia sahihi. Bei ya mafuta ilipanda sana, na waliokuwa karibu na madaraka na wenye malori wakatajirika kwa upungufu huo. Mkulima aliyehitaji mbolea na mtoto aliyehitaji daftari hawakuwa na wa kuwasemea katika vituo vya forodha. Mwenye nguvu alikwepa. Mnyonge alibaki na kikwazo chake.

Tena mwaka 2012 ilibainika kwamba meli 36 za mafuta za Iran, iliyokuwa imewekewa vikwazo na Marekani na nchi za Ulaya, zilikuwa zimeandikishwa kwa jina la Tanzania kupitia wakala wa usajili wa meli za Zanzibar aliyekuwa na ofisi Dubai. Serikali ilipotambua, ilizifutia usajili. Hatusemi hapa kama vikwazo hivyo vilikuwa vya haki au la. Watu wenye nia njema hawakubaliani juu ya jambo hilo. Tunasema tu kwamba bendera ya taifa, ambayo watoto wetu huipandisha shuleni wakiwa wamesimama wima, iligeuzwa kifuniko cha shehena ya wengine. Na ilifanyika kwa fomu iliyojazwa na ada iliyolipwa, bila bunduki wala mashua ya usiku.

JE, KUKWEPA NI HURUMA?

Hapa hatuna budi kujibu pingamizi ambalo baadhi yenu mmekwisha kulifikiri. Mtu atasema: "Lakini vikwazo vyenyewe huwaumiza maskini. Anayevikwepa si anawasaidia?"

Pingamizi hili lina uzito, na Kanisa halilipuuzi. Muhtasari wa Mafundisho ya Jamii ya Kanisa, uliotolewa mwaka 2004, unafundisha kwamba vikwazo vitumike kwa busara kubwa na kwa kufuata vigezo vikali vya sheria na maadili. Kwamba vizuizi vya kiuchumi viwe na muda maalumu. Na kwamba havina uhalali pale vinapowaumiza watu wote bila kubagua. Papa Yohane Paulo II, alipozuru Cuba Januari 1998, alivikosoa waziwazi vikwazo vilivyoibana nchi hiyo. Kwa hiyo hatufundishi kwamba kila kikwazo ni kitakatifu. Kiko kikwazo chenye haki na kiko kisicho na haki, na Mkristo anayo ruhusa, pengine hata wajibu, wa kukipinga kile kinachomnyima mtoto dawa.

Lakini tuangalie tofauti. Papa alisema hadharani, kwa jina lake, mbele ya ulimwengu. Mwenye kughushi hati hasemi neno. Yeye hataki kikwazo kiondolewe, kwa sababu kikiondolewa faida yake itaondoka nacho. Yeye huishi kwa kikwazo kama kupe aishivyo kwa ng'ombe. Mathalani, Irak iliruhusiwa na Umoja wa Mataifa kuuza mafuta ili kuwanunulia raia wake chakula na dawa, utaratibu ulioanza mwaka 1996. Uchunguzi ulioongozwa na Paul Volcker ulionyesha mwaka 2005 kwamba kampuni zaidi ya 2,000 zilihusika katika malipo ya siri kwa utawala wa Saddam Hussein. Huruma ilikuwa na mlango wake halali, na hata mlango huo ukatiwa mkono wa rushwa. La hasha, ndugu zetu: kukwepa si huruma. Huruma ina njia yake ya wazi, nayo haihitaji ankara bandia.

MUHURI WA AHABU

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kinatupa habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Tunaikumbuka kama habari ya mfalme mwenye tamaa na malkia mkatili. Lakini tuisome tena polepole. Yezebeli hakwenda kwa Nabothi na upanga. Aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Nao wazee, watu wa heshima waliomfahamu Nabothi kwa sura na jina, wakatenda kama ilivyoandikwa. Katika habari yote hiyo hakuna hata mmoja wao anayeuliza swali. Damu ya Nabothi ilimwagika kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri na wazee walikuwa na hofu, au labda walikuwa na mazoea tu.

Ndugu viongozi wa walei, wazee wale ndio sisi. Mabehewa ya Lourenço Marques yasingeondoka kama karani hakuandika. Tumbaku isingegeuka kuwa ya nchi nyingine kama ofisa hakutia sahihi. Meli 36 zisingepata bendera yetu kama wakala hakugonga muhuri. Kila mmoja wao angeweza kusema kwamba yeye ni mdogo, kwamba ametumwa, kwamba asipofanya yeye atafanya mwingine. Amri ya Nane, inayokataza kushuhudia uongo, haikuwekewa kifungu cha kuwaondoa walio wadogo.

Tunafahamu kwamba si rahisi. Anayekataa kutia sahihi anaweza kupoteza kazi, na ana watoto wa kuwalisha. Ndiyo maana jambo hili si la kumwachia mtu mmoja peke yake na dhamiri yake. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zifanye mambo matatu. Kwanza, waamini wanaofanya kazi bandarini, forodhani na katika ofisi za usafirishaji wapewe nafasi ya kukutana na kushauriana pamoja na padre wao, kama vile walimu na wauguzi wanavyokutana. Pili, anayepata hasara kwa sababu ya kukataa uongo asaidiwe na jumuiya, kama tunavyomsaidia aliyefiwa, na asichekwe kuwa mjinga asiyejua maisha. Tatu, inapotokea kwamba kikwazo fulani kinaumiza wanyonge, tuseme kwa sauti: tuandike kwa maaskofu wetu, kwa wabunge wetu na kwa serikali, tukitaja majina yetu. Mkristo apinge kwa jina lake, asikwepe kwa jina la mwingine.

Rhodesia haikukombolewa na vikwazo peke yake; iligharimu vita na maisha ya watu wengi kabla ya Zimbabwe kuzaliwa tarehe 18 Aprili 1980. Hatuwezi kujua ni wangapi wangepona kama mafuta yale yasingefika. Lakini waliotia sahihi walikuwa na nafasi ya kuwaza juu yao, na sisi tunayo leo.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kazi zetu, ni karatasi gani tunazotia sahihi bila kuuliza zinakwenda wapi na zinamgusa nani?

2. Zambia, Tanzania na Msumbiji ziliumia kwa sababu ya kusimama na haki. Je, sisi tuko tayari kupata hasara gani kwa ajili ya jirani tusiyemfahamu?

3. Tunafahamu mtu aliyepoteza kazi au mali kwa kukataa kusema uongo? Jumuiya yetu ilimfanyia nini?

4. Tukiona kwamba sheria au kikwazo fulani kinawaonea maskini, tuna njia gani za wazi za kukipinga?